Mtori wa Kopo la Siagi

Mwanamume kumpikia mzazi, mwanamke aliyejifungua, mtori wa ndizi! Kule Uru, mlimani Kilimanjaro, habari hiyo iliwapa watu cha kusema kuanzia bombani hadi kwenye ngazi za kanisa, na wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke tu. Mimi nasema hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona Wenseslaus alfajiri, amekaa kwenye kigoda jikoni na koti lake la baridi na kofia ya sufu, vidole vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu, anamenya ndizi mshare na kuzitumbukiza kwenye maji zisibadilike rangi. Wangemwona wangenyamaza.

Alikuwa na miaka sitini na minane. Mkewe, Salvina, alikuwa amelala chini ya migomba nyuma ya nyumba, mwaka wa tatu sasa. Wanawe wawili wa kiume walikuwa Dar es Salaam na Mwanza, watu wa kuja Krismasi, kuchinja mbuzi, kupiga picha na mlima na kuondoka kabla mwaka haujageuka. Aliyebaki karibu ni Victoria, kitinda mimba, aliyeolewa Rau, huko chini mjini. Na mwezi wa tano Victoria akajifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume.

Sasa, kwa Wachaga mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Hachoti maji, hafagii, hapiki. Anakula, ananyonyesha, analala. Kumlisha ni kazi ya mama mkwe, na mama mkwe akikosekana, ni ya mama mzazi. Lakini mama yake Fabian, mume wa Victoria, alifariki zamani Fabian akiwa bado shule ya msingi, na Fabian mwenyewe ni dereva wa lori, wiki nzima yuko kati ya mpakani Holili na huko Kenya. Mama yake Victoria ndiye huyo tena, yuko chini ya migomba. Ukoo ukakaa, ukakuna kichwa, ukataja shangazi mmoja ambaye miguu yake haimfikishi hata barabarani. Wenseslaus akawasikiliza wee, halafu akasema, "Nitapika mimi." Akainuka akaenda kukata mkungu, kikao kikabaki kinatazamana.

Kupika alijifunza kwa Salvina, na hazikuwa siku za raha. Kansa ya koo ilipomshika mkewe, chakula kigumu kilikataa kushuka, na kwa miezi kumi na moja aliishi kwa uji na mtori uliopondwa mpaka ukawa mwepesi kama maziwa. Alimwelekeza mumewe akiwa kitandani: ongeza maji, ponda tena, sasa tia maziwa, we mzee hebu onja kwanza. Alipolazwa hospitali mjini, Wenseslaus alishuka na chakula kila siku, amekipakata, na alipofika wauguzi walimpisha bila kumuuliza. Hivyo ndivyo mwanamume wa Uru alivyojua kupika mtori.

Na chombo chake kilikuwa kopo la siagi, lile la plastiki la kilo moja. Salvina alikuwa na makopo hayo kumi na manne chini ya kitanda, ya siagi na ya mafuta ya kupikia, yameoshwa, yamepangwa, kila moja na mfuniko wake. Mjini watu wanayaita takataka. Kule juu kopo zuri lenye mfuniko halitupwi, linasubiri kazi.

Tena mtori wa mzazi hauliwi umepoa. Muulize mama yeyote wa huko. Mzazi akiletewa chakula baridi ni kama ameambiwa hana kwao, na Wenseslaus alikuwa amelelewa katika maneno hayo. Kwa hiyo alipomaliza kuponda, akatia maziwa na samli, alingoja sufuria itokote tena, ndipo akamimina mtori kwenye kopo ukiwa bado unarukaruka. Juu ya mdomo wa kopo alivuta mfuko wa nailoni uliokuwa wa mkate, akabana mfuniko juu yake usivuje, akalizungushia kopo sweta kuukuu, akalitia kikapuni. Kopo lililainika kwa moto mpaka likatuna ubavuni. Hapo ndipo roho yake ilipotulia, maana alijua litafika Rau la moto. Na jioni lilipomrudia alilisugua kwa mchanga na majivu hadi likaisha utelezi wote, ndani limekwaruzika kila mahali, na yeye akaliinua kwenye mwanga akaridhika. Usafi wake huo ndio uliokuwa ukizidisha balaa, maskini, na hakuna aliyemwambia.

Kikapu kilishuka na Basili, dereva wa gari linalokusanya maziwa ya wafugaji. "Basili, usikilaze hicho!" "Mzee, hiki kikapu nakibeba kuliko ninavyobeba mke wangu." "Mkeo hamwagiki." Walicheka, gari likaondoka, na hapo kicheko cha siku kikawa kimekwisha. Baada ya hapo palibaki ng'ombe wa kukatiwa majani, kahawa za kupunguziwa matawi, redio ambayo betri zake zilikuwa zinaelekea kufa, na nyumba. Nyumba ile, jamani! Vyumba vinne na mtu mmoja. Wenseslaus alikuwa na upweke wa kumfanya amjibu mtangazaji wa redio. Alikuwa akimsalimia ng'ombe asubuhi na kumuuliza ameamkaje.

Ila saa nne na nusu simu iliita. "Shikamoo baba. Mtori umefika. Mtamu."

"Marahaba mama. Umekula wote?"

"Wote."

"Mtoto?"

"Ananyonya, anakua."

Basi. Hayo tu, kila siku, wiki saba. Lakini ungemwona anavyoirudisha simu mfukoni! Alitembea shambani kama mtu aliyetoka kupewa cheo. Kulikuwa na mtu mmoja duniani anayeshiba kwa mkono wake, na hilo lilimtosha kulala na kuamka.

Siku moja ya wiki ya nane Basili alikwenda msibani Rombo, na dereva aliyeshika gari badala yake akasema yeye hapiti Rau. Wenseslaus alitazama kikapu, akatazama barabara. Tangu mtoto azaliwe hakuwa amekwenda. Yeye ni mtu wa adabu za zamani, na alivyofundishwa, baba haendi kumchungulia binti yake aliye uzazini; anangoja siku mjukuu atakapoletwa. Akajiambia, nitakabidhi getini tu. Labda nitasikia sauti ya mtoto. Akavaa koti la kanisani, akaita bodaboda, akakaa nyuma huku kikapu kikimchoma mapaja njia nzima.

Getini alimkuta mama mmoja mnene, mchangamfu, na kanga kiunoni. Huyo ni Elisifa, jirani, aliyehamia pale mwaka jana na kumsaidia Victoria kazi za ndani. Wenseslaus hakuwa anamjua, wala Elisifa hakuwa anamjua Wenseslaus.

"Shikamoo mzee," akasema Elisifa, mikono tayari imenyooka. "Leo kijana wa maziwa hakuja? Umempokea kazi? Lete, lete hapa hapa, usihangaike kuingia. Huwa nachukua mimi."

"Marahaba," akasema Wenseslaus, akampa. Alidhani anaupeleka ndani.

Elisifa hakuingia ndani. Alizunguka nyumba, na Wenseslaus, bila kujua miguu inampeleka wapi, akamfuata. Nyuma kulikuwa na banda la mbao na nguruwe wawili, wameshasikia hatua na wanapiga kelele. Elisifa akabandua mfuniko, akavuta ile nailoni, mvuke ukapanda. Kisha akaupindua mtori wote kwenye hori. Nyama ya mfupa aliyoichagua mzee buchani mwenyewe, samli, maziwa ya ng'ombe anayemsalimia asubuhi. Nguruwe walikula wakisukumana, wakiungua midomo na kurudi.

"Huo si mtori?" akauliza Wenseslaus. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Mtori, mzee wangu, tena mtori wa watu! Baba yake ndiye anayempikia, mzee wa watu, huko Uru, mgane. Bintiye hauli. Tangu wiki ya kwanza hauli. Anasema mambo ya plastiki, sijui, mimi sikusoma. Hana moyo wa kumwambia." Elisifa akageuka ampe kopo lake. Akamwona usoni, akaona na lile koti la kanisani. "Yesu wangu," akasema. "Wewe ndiye baba."

Victoria alikuwa amekaa kitandani na mtoto begani. Alipomwona baba yake mlangoni, na kopo tupu mkononi, alielewa. Alisema tu, "Baba, keti."

"Nimesimama."

"Shikamoo."

"Tangu wiki ya kwanza?"

"Baba, naomba ukae nikueleze." Na akamweleza, macho chini, akimpigapiga mtoto mgongoni. Victoria ni mtu wa maabara, kazi yake kupima maji. Alimwambia kwamba plastiki ikimiminiwa kitu cha moto, hasa chenye mafuta, inaachia chembechembe ndogo mno. Jicho haliwezi kuziona. Kopo likiwa la zamani na limekwaruzika, zinazidi. Nailoni nayo vilevile. Alishaziona mwenyewe kwenye hadubini, semina fulani Arusha, maji yaliyoonekana masafi kabisa. "Wamezikuta kwenye damu za watu, baba. Wamezikuta hata kwenye maziwa ya mama. Na mimi nanyonyesha."

"Zinafanya nini humo?"

"Bado wanachunguza. Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Mimi niliogopa tu."

Wenseslaus alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Kila siku mtamu, mtamu! Akasema, "Sasa Victoria, si ungeniambia nibadilishe kopo? Neno moja. Ningekupikia kwenye chuma, kwenye chungu, kwenye chochote. Neno moja tu, ukashindwa, ukaona bora nguruwe?"

Victoria akamhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile, kisha akamrudisha. Swali lilikuwa jepesi mno kwa msichana aliyesoma, mwenye majibu ya kila kitu, naye anahangaika na mtoto tu. Hapo ndipo Wenseslaus alipoanza kufikiri. Alilitazama kopo mkononi mwake. Akaliinua karibu na uso, akaona mikwaruzo yote ile ndani, kazi ya mkono wake. Hasira ikamtoka ghafla, na kitu kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

"Victoria," akasema. "Na mama yako?"

"Baba, usianze."

"Miezi kumi na moja. Asubuhi, mchana, jioni. Humu humu."

"Mama aliumwa kansa, baba. Alikuwa anaumwa kabla hujaanza kumpikia."

"Si tulikuwa tunapakulia humu hata kabla? Chai ya shambani tulikuwa tunabebea nini?"

Victoria alinyanyuka na kumnyooshea mtoto. "Mshike kwanza mjukuu wako. Baba? Mshike." Wenseslaus alimwangalia yule mtoto, kichwa cheusi, ngumi mbili ndogo. Akaitazama mikono yake yenye utomvu, akairudisha nyuma. Akatoka bila kuaga, kopo kwapani.

Siku tisa hakupika. Simu iliita asubuhi, ikaita mchana, naye akaitazama ikicheza mezani mpaka ikachoka. Angesema nini? Basili alirudi msibani, akapiga honi pale njiani. "Mzee, leo hakuna kikapu?" "Hakuna." "Kesho?" "Nenda, Basili, maziwa yataganda."

Alijaribu kuyatupa yale makopo. Akayatoa chini ya kitanda, yote kumi na manne, akayarundika uani na kiberiti mkononi. Akafikiria ule moshi mweusi unavyokwenda chini chini hadi migombani, aliko Salvina. Akarudisha kiberiti. Akachukua jembe, akaanza shimo nyuma ya zizi, akakumbuka kwamba ardhi ni ile ile moja, na mvua ya huko haina adabu, inashuka na kila kitu. Akalifukia shimo bila kutia kitu. Akayarudisha makopo chini ya kitanda, na usingizi ukamkataa juu yake.

Alimkumbuka Salvina katika ile wodi, amekaa, amelegea kwenye mito. Alikuwa hataki bakuli. Alilitaka kopo lenyewe, alishike kwa mikono miwili lipashe vidole vyake, kisha anywe hapo hapo kwenye ukingo, kidogo kidogo. Kila alipomeza Wenseslaus naye alimeza. "Huu wa leo umepatia," alikuwa akimwambia, na yeye alitembea kutoka hospitali hadi stendi akijisikia mwanamume wa maana. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyokuwa imembeba miaka miwili. Ndiyo aliyokuwa akiitoa nyumba ikizidi ukimya. Sasa kila alipoitoa aliona lile kopo lilivyolainika, anaona mvuke, na moyo unamuuliza: ulikuwa unamlisha au ulikuwa unammaliza? Hakuna wa kumuuliza. Ukienda kwa padri utamwambia nini, kwamba umetenda dhambi ya kopo? Majirani ndiyo kabisa, wangepata cha kusema hadi Pasaka. Alikula ndizi za kuchemsha akiwa amesimama, mara nyingine hakula, na hakumsalimia hata ng'ombe.

Siku ya tisa jioni Basili alisimamisha gari akashuka mwenyewe, jambo asilolifanya kamwe. Alimpa mfuko wa kitambaa. "Ametuma Victoria. Amenisimamisha mwenyewe, getini." Wenseslaus akaufungua. Ndani hamkuwa na barua wala zawadi. Palikuwa na jani moja refu la sale, limefungwa fundo.

Kwa asiye wa huko nitasema kidogo. Sale ni mmea tunaoupanda mipakani, na jani lake ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, umeshaomba msamaha. Huyo naye hana ruhusa ya kukataa. Watu waliopigana mapanga kwa ajili ya mfereji wa maji wamekaa meza moja kwa sababu ya sale. Basi Wenseslaus alisimama nalo mkononi, na Basili, mwenye mdomo wote ule, akapanda gari taratibu akaondoka.

Alielewa mara moja. Binti yake alidhani baba amekasirikia nguruwe. Alitoka nje kabla miezi yake haijatimia, na kidonda cha uzazi, akaenda kukata jani kwenye ua wa watu, kwa kosa ambalo baba yake hata alikuwa halikumbuki tena. Wenseslaus alijisikia vibaya mpaka akakaa kwenye kizingiti. Mtoto anaomba msamaha usiku na mchana kwa simu isiyopokelewa, na wewe umekaa huku unayahesabu makopo! Mzee gani wewe?

Asubuhi alipika. Aliponda mtori, akatia samli, na alipofika mahali pa kupakua hakupakua. Aliufunika ndani ya sufuria yake, akafunga mfuniko kwa kanga, akapanda bodaboda akiwa ameipakata sufuria nzima pamoja na masizi yake. Njiani watu waligeuka kumtazama. Dereva akasema, "Baba, unahama?" Hakumjibu, maana kila shimo la barabara alilipokea kwa magoti.

Elisifa alipomwona getini alitaka kujificha nyuma ya nguo zilizoanikwa. "Baba yangu, nisamehe, mimi siku ile sikujua."

"Nguruwe hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Wamenenepa, si ndiyo? Wape pole, leo hawapati." Akapita.

Victoria alikula. Hakungoja bakuli, alichota moja kwa moja kwenye sufuria, na baba yake, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, alihesabu vijiko bila kutaka. Alikuwa amekonda, yule binti. Mtu hali chakula cha uzazi wiki tisa, anakula mkate na chai ambayo jirani amebahatika kuichemsha, ataachaje kukonda? Alipofika nusu akaweka kijiko chini.

"Umenisamehe?" akauliza.

"Hukunikosea, mama. Nguruwe nao wanakula."

"Basi mbona hupokei simu?"

"Namfikiria mama yako." Alisema hivyo tu, akitazama sakafu. "Kila nikifumba macho namwona ameshika lile kopo. Niambie ukweli. Wewe ndiye uliyesoma. Ni mimi?"

Victoria akaisogeza sufuria pembeni. Mtoto alikuwa amelala katikati yao, anapumua kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Uliniuliza kwa nini sikukuambia ubadilishe kopo."

"Nilikuuliza."

"Ningekuambia, ungeuliza hili. Siku hiyo hiyo ungeliuliza, nakujua." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Baba, ile semina ya Arusha. Sikukuambia ilikuwa lini. Ilikuwa mwaka ule. Mama alikuwa wodini mwezi wa nne. Nilitoka stendi nikaja hospitali moja kwa moja, na zile picha bado ziko kichwani, nikafika mlangoni nikakuta unamfungulia. Kopo limetuna. Mvuke unatoka. Na mama anacheka, baba, siku ile alikuwa anacheka, sijui ulikuwa umemwambia nini. Nikasimama pale mlangoni. Nilikuwa nimekuja kusema. Nikanyamaza."

Wenseslaus akaifunika sufuria.

"Alikuwa hali kwa mkono wa mtu mwingine," akaendelea Victoria. "Wauguzi walishindwa, mimi nilishindwa. Ningekunyang'anya kopo kwa kitu ambacho hata waliotufundisha walisema hawajakijua vizuri? Nikasema nitasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Mpaka tukazika."

"Kwa hiyo ulijua."

"Sikujua! Sijui mpaka leo. Nasoma kila kinachotoka. Hakuna anayeweza kuniambia kama ilimwongezea hata siku moja ya maumivu au haikumfanya chochote. Huenda ni ugonjwa wake tu. Huenda. Nimekaa na hilo miaka mitatu, na kila ulipotuma mtori nililiona tena, nikashindwa kuula, nikashindwa kukuambia."

Hasira ilimpanda Wenseslaus, siwezi kuficha. Ungesema! Hata kama hujui, ungesema! Alisimama, akaenda dirishani, akaushika ukuta. Nje Elisifa alikuwa akiimba akianua nguo. Akageuka ili aseme maneno makubwa, na akamwona binti yake pale kitandani, mabega yameinama, mikono imefumbatana kati ya magoti, anangoja kupigwa kwa maneno na hatajitetea. Miaka mitatu. Yeye alikuwa amekaa na swali hilo siku tisa tu, na lilikuwa limemtoa katika watu. Huyu alikaa nalo kazini, akaolewa nalo, akabeba nalo mimba, na kila asubuhi akapiga simu kumwambia baba yake mtamu.

"Fabian anajua?"

"Sijamwambia mtu."

Wenseslaus akarudi. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kitandani kando ya binti yake, jambo ambalo baba wa Kichaga wa umri wake halifanyi, na kitanda kikalia kwa uzito wake.

"Wewe hujui," akasema.

"Sijui, baba."

"Na mimi sijui. Na hatutajua."

"Hatutajua."

"Basi tusijue pamoja, mwanangu. Peke yangu siwezi."

Victoria akaangua kilio, kile cha mtu aliyekichelewesha. Wenseslaus naye akalia, mzee mzima, mbele ya mjukuu wake, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.